Kushuka kwa kamba na kupita makorongo makavu: maswali ya wanaoanza

Majibu haya ni ya mtu ambaye hajawahi kuning'inia kwenye kamba na anafikiria kwenda na kiongozi. Mifano mingi imetoka Hell's Gate, karibu na Naivasha, kwa kuwa ndani ya hifadhi hiyo moja kuna jabali la kujifunzia, Fischer's Tower, lenye kimo cha mita 25 hivi, na kuna korongo la Ol Njorowa. Mengi yanafaa mahali pengine popote penye mwamba na kamba.

Korongo kavu ni lipi, na kamba inaingia wapi?

Ni njia ya maji ambayo kwa sasa haina maji, au ina kijito cha kufika vifundoni. Unatembea ndani yake, unaparamia mawe, unajibana penye upana wa mabega. Ukifika penye ngazi ya mwamba, yaani pale ambapo mvua ikinyesha pangekuwa na poromoko, unashuka kwa kamba. Sehemu kubwa ya siku ni miguu. Kamba huchukua dakika chache kwa kila mtu, na kumsubiri mwenzako ashuke huchukua muda mrefu kuliko kushuka kwako.

Likumbuke hili tangu mwanzo: "kavu" ni hali ya leo asubuhi, si tabia ya korongo.

Lazima niwe na nguvu, au niwe nimewahi kupanda miamba?

Hapana. Anayepanda anapigana na uzito wake, anayeshuka anautumia. Mikono yenye misuli haisaidii sana, tena mara nyingi wenye misuli ndio wanaokosea kwa kuing'ang'ania kamba ya juu. Kinachohitajika ni pumzi ya kutembea saa tatu au nne kwenye mawe yasiyo sawa, magoti yanayokunjika bila malalamiko, na masikio ya kusikiliza maelekezo.

Nani asishuke?

Mjamzito asishuke, kwa sababu hanesi, yaani mikanda ya kiunoni na mapajani inayokushikilia kwenye kamba, hubana tumbo na nyonga, na ukiteleza mkanda unavuta ghafla. Aliyefanyiwa upasuaji karibuni, mwenye kifafa kisichodhibitiwa, mwenye maradhi ya moyo na mwenye bega linalochomoka wamwone daktari kwanza, kisha wamwambie kiongozi kabla ya siku yenyewe, si ukingoni. Mwenye pumu aweke dawa ya kuvuta mfuko wa mbele, asiifungie ndani ya begi litakaloteremshwa na mtu mwingine. Mwenye kisukari awe na kitu cha sukari mfukoni.

Kuhusu uzito, viongozi wengi hupokea watu wa kilo 40 hadi 110 au 120. Kikomo cha juu hakihusu kamba kukatika. Mtu mzito anahitaji breki (kifaa cha chuma kinachopunguza mwendo wa kamba) yenye msuguano zaidi, na kumwokoa akikwama ni kazi ngumu zaidi. Kikomo cha chini kina sababu ya kushangaza kidogo: mtu mwepesi hashuki. Kamba ya milimita 10 ina gramu 65 hivi kwa kila mita, kwa hiyo ikiwa mita 50 zinaning'inia chini yako, kuna zaidi ya kilo tatu zinazovuta breki ijikaze. Mtoto wa kilo 30 anaweza kubaki hapohapo juu akisukuma kamba kwa mikono.

Kwa watoto huangaliwa umbo kabla ya umri. Mtoto ambaye nyonga zake bado hazijatokeza anaweza kuchomoka kwenye hanesi ya kiuno akigeuka kichwa chini. Huyo avae hanesi ya mwili mzima yenye mikanda ya mabegani. Kiongozi asipokuwa nayo, mtoto abaki chini atazame.

Nivae nini?

Suruali ndefu inayonyumbulika, shati lenye mikono, na viatu vilivyofunika vidole vyenye soli ya mpira. Malapa hayafai. Viatu vipya vya kukimbilia vyenye povu nene huteleza kwenye vumbi la majivu ya volkano, na raba za kawaida zilizochakaa kidogo hufanya vizuri kuliko hivyo. Glavu za ngozi si lazima kwa mita 10, lakini kwa mita 25 utazishukuru.

Kisha mambo yanayoning'inia. Nywele ndefu, rasta na braidi zifungwe nyuma na ziingizwe ndani ya shati, si kuachwa kifuani. Hijabu haina shida hata kidogo, ila ncha zake ziingie ndani ya nguo na helmeti ikae juu yake. Ile ya kitambaa chepesi cha kuvaa kama soksi ndiyo rahisi zaidi. Buibui au dera vivuliwe au vikunjwe viingie ndani ya suruali. Leso, skafu, kamba za kofia ya jaketi na mikufu viondoke kabisa. Pete pia, kwa sababu kidole huvimba, na pete ikinasa kwenye mwamba huumiza vibaya.

Asubuhi Naivasha kuna baridi, mahali penyewe ni mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari, na saa sita jua linaunguza. Beba lita mbili hadi tatu za maji kwa kila mtu.

Kamba inaweza kukatika?

Kwa uzito wako, hapana. Kamba za kushukia ni zile zisizonyumbuka sana, za milimita 10 au 11, zenye alama ya EN 1891, kiwango cha Ulaya cha kamba hizi. Za aina A lazima zihimili angalau kilonewtoni (kN) 22, yaani karibu kilo 2,200. Mtu wa kilo 80 anayeshuka polepole anaipa kamba chini ya sehemu moja ya ishirini ya hapo. Karabina, ile pete ya chuma yenye mlango, huhimili kN 20 au zaidi kwa urefu mlango wake ukiwa umefungwa, lakini kwa upana, au mlango ukiwa wazi, hubaki na kama kN 7 tu. Ndiyo maana kiongozi anakagua kila mara kama skrubu ya karabina imefungwa na kama imelala upande wake sahihi.

Kinachoua kamba ni vitu vingine. Cha kwanza ni ukingo mkali wa mwamba, hasa kamba ikiwa imevutika halafu ikasugua kushoto na kulia. Hapo huwekwa ala ya turubai au zulia kuukuu kati ya kamba na mwamba. Cha pili ni tindikali ya betri: kamba iliyosafirishwa kwenye buti la gari pamoja na betri inayovuja inaweza kuonekana nzima kabisa na ikakatika kwa uzito mdogo. Kingine ni jua la miaka mingi. Watengenezaji wengi huweka ukomo wa miaka 10 kwa vitu vya nailoni hata kama havijawahi kutumika, na kamba inayofanya kazi kila wikendi hustaafu mapema zaidi.

Unaweza kuikagua mwenyewe. Ipitishe mkononi ukiikunja kidogo kidogo. Sehemu iliyo laini ghafla, iliyovimba, iliyong'aa kama plastiki iliyoyeyuka, au inayoonyesha nyuzi nyeupe za ndani, inatosha kuikataa. Kiongozi mzuri hatachukia ukifanya hivyo.

Hanesi inavaliwaje?

Mkanda wa kiuno ukae juu ya mifupa ya nyonga, si juu ya mfuko wa suruali. Wengi huuvaa pale wanapofungia mshipi wa suruali, na hapo ni chini mno: ukipinduka, unatoka. Ukaze hadi kiganja kilichonyooka kiingie lakini ngumi isiweze kupita. Mikanda ya mapajani iwe vivyo hivyo. Bizimu za zamani zinataka mkanda urudishwe mara ya pili kupitia chuma, na mkia unaobaki uwe angalau sentimita 8. Helmeti ifunike paji la uso. Ikiwa nywele za mbele zote zinaonekana, imekaa nyuma sana.

Baada ya kuvaa, chuchumaa mara mbili halafu kaza tena. Nguo hujipanga na mkanda hulegea. Ukitoka kujisaidia na kurudi, kaguliwa upya kana kwamba ndiyo kwanza umevaa; bizimu zilizofunguliwa na kufungwa nusu ni kosa linalojulikana duniani kote.

Hatua za kushuka ni zipi?

1. Kabla ya kusogea ukingoni unafungwa kwa mkanda mfupi kwenye nanga, yaani pale juu kamba inapofungiwa. Hakuna anayekaribia mita mbili za ukingo bila kufungwa, hata kupiga picha.

2. Kiongozi anaingiza kamba kwenye breki yako na kufunga karabina. Kwa wanaoanza ni bora breki ikae mbali na kiuno, kwenye mkanda wa sentimita 60, ili iwe usawa wa kifua unapoiona.

3. Chini ya breki kinazungushwa kitanzi cha kamba nyembamba ya milimita 6, mizunguko mitatu au minne, na kuunganishwa na hanesi. Ukiachia kila kitu, kitanzi hiki hubana kamba na kukusimamisha.

4. Unakaa kwenye hanesi ungali umefungwa kwenye mkanda mfupi. Uzito unahamia kwenye kamba. Kila kitu kinakaguliwa kwa kugusa: bizimu, karabina, breki, kitanzi, nanga. Baada ya hapo tu ndipo mkanda mfupi unafunguliwa.

5. Mkono wa breki unashika kamba chini, karibu na nyonga. Hauachii kamwe. Mkono mwingine unakisukuma kile kitanzi kishuke taratibu. Usiing'ang'anie kamba juu ya breki.

6. Miguu upana wa mabega, nyayo nzima kwenye mwamba, magoti yamekunjika kidogo, mgongo umeegemea nyuma. Kaa kama unayekalia kigoda kirefu. Tembea kinyumenyume kwa hatua fupi, ukichungulia juu ya bega la upande wa mkono wa breki.

7. Ukifika chini, vuta kamba ya ziada, toa breki, sogea kando, ndipo useme "Kamba iko huru!" Ukisema kabla ya kusogea, anayefuata atakuangushia mawe kichwani.

Maneno yakubaliwe kabla. Korongoni sauti hurudi na kuchanganyika, kwa hiyo kila kundi liwe na ishara za filimbi, na wote wajue mlio mmoja maana yake nini. Neno moja halihitaji makubaliano: "Jiwe!" Ukilisikia usitazame juu. Jibane kwenye mwamba, mabega juu, helmeti ifanye kazi yake.

Kwa nini ukingo ndio mgumu kuliko kote?

Kwa sababu mwili wako unakataa kitu sahihi. Ili nyayo zishike, lazima uegemee nyuma mpaka miguu iwe karibu na pembe mraba na mwamba. Akili inasema simama wima. Ukisimama wima, uzito unazisukuma nyayo kushuka badala ya kuzibana kwenye mwamba, zinateleza, na unagonga magoti na uso. Karibu michubuko yote ya siku ya kwanza hutokea katika mita ile moja ya mwanzo.

Nanga iliyo juu, kwa mfano kwenye mwamba ulio usawa wa kichwa, hurahisisha kila kitu. Ikiwa iko chini, usawa wa miguu, usijaribu kushuka ukiwa umesimama. Kaa chini ukingoni, geuka kiubavu, teleza taratibu hadi hanesi ikubebe, kisha weka nyayo ukutani. Si pozi zuri la picha, lakini inafanya kazi.

Nikiogopa nikakataa nikiwa pale juu?

Unarudi. Kwenye jabali lenye njia ya miguu hakuna hasara yoyote. Kiongozi anayekusukuma au kukucheka mbele ya wenzako ili ushuke hajui kazi yake. Kwa wengi hofu hupungua wakianzia mita 5, wakashuka mara mbili tatu, ndipo wakaenda kwenye mita 25.

Ndani ya korongo mambo ni tofauti, na lazima ulijue hili kabla ya kuingia. Kundi likishashuka na kamba ikavutwa chini, hakuna kurudi. Njia iliyobaki ni mbele tu, pamoja na ngazi zote zinazofuata. Kwa hiyo jaribio la hofu lifanyike kwenye jabali la mafunzo, si kwenye ngazi ya kwanza ya korongo lenye ngazi sita.

Itakuwaje nikiachia mkono wa breki?

Kitanzi cha namba 3 hapo juu kinabana. Hiyo ni kinga ya kwanza. Ya pili ni mtu aliye chini akishika mkia wa kamba yako: akiivuta kwa nguvu, breki yako inafunga na unasimama. Ni rahisi na inafaa, mradi mtu huyo anakutazama, hajaacha kamba ilegee mno, na amesimama kando, si chini yako moja kwa moja. Akishika simu kwa mkono mmoja, kinga hiyo haipo. Kwa wanaoanza viongozi wengi huongeza kamba ya pili kutoka juu, inayojitegemea, na hiyo ndiyo bora kwa siku ya kwanza. Uliza utapewa kinga gani. Jibu la "usijali" si jibu.

Nikikwama katikati je?

Hili hutokea mara nyingi kuliko yote, na sababu yake huwa ndogo: unywele au ncha ya shati imeingia kwenye breki, kitanzi kimejibana mno, kamba chini imejifunga fundo, au mguu umeingia kwenye ufa. Breki ya umbo la nane ina tabia yake ya ziada. Kamba ikilegea ukingoni inaweza kupanda juu ya pete kubwa na kujifunga yenyewe, nawe ukabaki hapo. Pia huisokota kamba. Faida yake ni kupoza joto vizuri, lakini kwa anayeanza kwenye mwamba mkavu breki ya mrija ni tulivu zaidi.

Dawa nzuri huandaliwa kabla hujaondoka juu. Kiongozi anayejua kazi hafungi kamba kwenye nanga kwa fundo lisilofunguka chini ya uzito. Anaifunga kwa fundo la Munter lililofungiwa, ambalo analifungua huku umening'inia na kukuteremsha. Ili liwe na maana, lazima pawe na kamba ya kutosha juu. Kwa mteremko wa mita 25 na kamba ya mita 60, mita 25 zinaning'inia na 35 zinabaki mfukoni kwenye nanga, kwa hiyo unaweza kuteremshwa hadi chini hata ukikwama mita moja chini ya ukingo. Kwa kamba ya mita 30 haiwezekani.

Wewe kazi yako ni kutulia, kusema tatizo ni nini, na kuendelea kuchezesha miguu. Mtu anayening'inia kwenye hanesi bila kujisogeza anaweza kuzimia baada ya dakika chache, kwa sababu damu hutuama miguuni. Sukuma ukuta, kanyaga, kunja magoti. Na hakuna kisu. Kamba iliyovutika hukatika kwa kuguswa tu na makali, na mkono unaolenga unywele hukosea.

Tunaweza kuruka kama kwenye filamu?

Makomandoo wa kwenye filamu wana mengi ya kujibu. Kuruka huzidisha mzigo kwenye nanga kila unapotua, husugua kamba ukingoni, hung'oa mawe, na breki hupata joto kali. Ukisimama ghafla breki ikiwa ya moto, inaweza kulichoma ganda la kamba. Shuka kwa mwendo wa mtu anayeteremka ngazi akiwa na mzigo.

Mbona mnaogopa sana mvua, na korongo ni kavu?

Ol Njorowa lilichongwa na maji. Zamani sana, Ziwa Naivasha lilipokuwa kubwa kuliko la leo, lilimwaga maji yake kupitia hapo. Kuta bado zina alama za mikondo, ziko juu ya kichwa chako, na ukizitazama utaelewa kina kinachowezekana.

Mafuriko ya ghafla hayahitaji mvua ikunyeshee wewe. Yanahitaji mvua kwenye vilima vilivyo juu yako. Ardhi iliyokauka kwa wiki nyingi hukazana, haimezi maji haraka, yote hukimbilia bondeni, na korongo jembamba huyainua kwa dakika chache kutoka vifundoni hadi kifuani. Mahali ambapo mto mpana ungepanda kwa sentimita, hapa maji hupanda kwa mita. Aprili 2012 watu saba wa kundi la vijana wa kanisa walikufa humu Hell's Gate. Septemba 2019 mafuriko yakaua tena, na Septemba si mwezi ambao mtu wa Naivasha angeuita wa masika. Ng'ambo, tarehe 12 Agosti 1997, watalii 11 walikufa Antelope Canyon, Arizona, kwa dhoruba iliyonyesha mbali na pale waliposimama. Walio Oman wanalijua hili kutokana na wadi zao, yaani mabonde makavu ya jangwani.

Kwa hiyo swali la kumuuliza kiongozi si "Leo kutanyesha?" bali "Maji ya korongo hili yanatoka wapi, na huko juu pakoje sasa hivi?" Anapaswa kuweza kunyoosha kidole. Anapaswa pia kujua kila mahali pa kutokea na umbali wa kutoka hapo hadi pa kutokea panapofuata. Mvua za huku hupenda alasiri, basi anza mapema ili saa sita mchana uwe umetoka. Masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba, bakini kwenye jabali la wazi.

Mkiwa ndani, dalili ni hizi: kijito safi kinageuka rangi ya chai ya maziwa, vijiti na majani vinaanza kuelea, upepo wa baridi unatokea juu ya korongo, mngurumo kama wa lori unaotoka nyuma ya kona. Dalili moja inatosha. Usikimbilie geti, usirudie begi, usipige video. Panda juu, popote panapopandika, mita nyingi iwezekanavyo, ukae hapo hata maji yakishuka, kwa sababu wimbi la pili hutokea.

Sehemu za korongo hufungwa na kufunguliwa. Uliza KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, kabla ya kusafiri, na mlinzi getini akisema kumefungwa, kumefungwa. Asiyesajiliwa anayejitolea kukupitisha kwa njia ya pembeni anakuuzia kitu asichoweza kukilinda.

Na wanyama?

Hatari kubwa kwenye kamba ni nyuki. Hupenda nyufa za majabali, na mtu aliyening'inia hana pa kukimbilia. Kiongozi hukagua ukuta kwa darubini au macho kabla ya kufunga kamba. Usijipulizie manukato. Usile ndizi chini ya ukuta pia: harufu ambayo nyuki huitumia kuitana kwa hasira ina kemikali ileile iliyo katika harufu ya ndizi mbivu. Wakikuvamia ukiwa kwenye kamba, funika uso, usiwapige, na shuka au uteremshwe. Hapo ndipo lile fundo linalofunguka linapolipa gharama yake. Ukifika chini kimbia moja kwa moja, usisimame karibu kuchomoa miiba.

Pimbi wa Fischer's Tower hawana neno, ila huangusha vijiwe. Nyani wataiba chakula, weka kwenye begi lililofungwa zipu. Nyati wako, na hifadhi hii huruhusu kutembea kwa miguu na baiskeli, basi usiingie vichakani peke yako kutafuta choo. Tai hutaga kwenye majabali. Ukuta wenye kiota hauguswi. Ndani ya korongo kuna chemchemi za maji moto yanayounguza, na ukuta wenye mvuke si wa kushika.

Nitamjuaje kiongozi anayefaa?

Beji ya KPSGA, chama cha waongoza watalii wa Kenya, inaonyesha mtu amefanya mtihani wa kuongoza watalii na kuwajua wanyama. Ni jambo zuri, lakini si mtihani wa kamba. Uliza mafunzo ya kamba ameyapata wapi na cheti cha huduma ya kwanza kinaisha lini. Omba kuona daftari la vifaa: kila kamba iwe na namba, tarehe ya kununuliwa na siku ilizotumika. Kundi la watu sita hadi nane liwe na viongozi wawili, mmoja juu na mmoja chini. Tazama nanga: iwe na pointi mbili au zaidi zinazogawana mzigo, ili moja iking'oka nyingine ishike bila mvuto mkubwa. Kamba iliyozungushwa kwenye jiwe moja linalotikisika ni sababu ya kurudi nyumbani. Tazama pia ncha ya kamba chini: ikiwa haifiki ardhini kwa uhakika, lazima iwe na fundo la kuzuia mtu kuipita.

Bima nyingi za safari huacha nje shughuli za kamba, basi soma maandishi madogo. Mtandao wa simu ndani ya korongo si wa kutegemea. Aliyebaki nje aachiwe majina, njia na saa ya kurudi, pamoja na maelekezo ya kupiga 999 au 112 saa hiyo ikipita.

Siku inakwendaje, na malipo?

Kutoka Nairobi ni kama kilomita 90, kwa hiyo anayetaka kuanza saa mbili asubuhi ni vizuri alale Naivasha. Saa moja ya vifaa na mafunzo chini, saa mbili au tatu jabalini, chakula, kisha korongo kama hali inaruhusu. Ada ya kuingia hifadhini hulipwa kwa eCitizen, si taslimu. Fanya hivyo usiku uliotangulia. Ada ya kiongozi ni nyingine. Uliza kama inajumuisha glavu na helmeti.

Simu na kamera?

Kwenye mfuko wenye zipu, au zimefungwa na kamba yake kwenye hanesi. Simu iliyodondoka kutoka mita 25 inaweza kumpasua kichwa aliye chini. Picha nzuri hupigwa na aliye chini pembeni, wewe ukiwa mita tatu au nne chini ya ukingo, pale ambapo umeshategemea hanesi na uso umelegea.

Choo?

Kabla ya kuvaa hanesi. Ikishindikana baadaye, mwambie kiongozi wa kike au mwenzako akusimamie mbali na ukingo, na ukirudi ukaguliwe upya bizimu zote.